Kivuli Kikikuzidi Urefu, Toka Nje

Mabasi ya Iringa na Mbeya yanayoondoka Dar es Salaam alfajiri hufika Ruaha Mbuyuni jua likiwa utosini. Hapo ndipo abiria wengi huamka. Wananunua vitunguu kupitia dirishani, wananyoosha miguu, na kabla dereva hajakanyaga mafuta kuelekea Mlima Kitonga utaona mikono imeinua simu kuielekea ile mibuyu iliyotapakaa vilimani, kandokando ya mto Ruaha Mkuu. Wanapiga, wanatazama skrini, wanafuta. Kwa macho ulikuwa mti wa kumfanya mtu anyamaze. Kwenye simu umekuwa doa la kijivu chini ya anga jeupe lisilo na kitu.

Ndugu yangu, mti ule hauna kasoro, na simu uliyoshika inatosha. Umeukuta saa mbaya tu, tena kupitia kioo chenye vumbi la safari. Siku moja shuka. Tafuta chumba, lala, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi usimame mbele ya shina lilelile. Utawaonea huruma wenzako waliobaki kwenye viti.

Hoja yangu ni moja na sitaificha: jua la kwetu lina mwendo wake, na anayeujua mwendo huo hana sababu ya kumwonea wivu mwenye kamera ya mamilioni. Studio ya mjini inatoza kwa saa. Taa zake zinakula umeme, na umeme nao una siku zake za kukatika. Jua halitozi, halina mgao, na linakuja hadi uani kwako. Kinachotakiwa ni wewe uwepo, tena uwepo likiwa tayari.

Tuanze na kasi yake. Masomo mengi ya kupiga picha yanayozunguka mtandaoni yametungwa na watu wanaoishi mbali na ikweta. Wanakuambia ipo saa ya dhahabu, asubuhi na jioni, jua likiwa chini na mwanga wake ukiwa wa manjano. Ni kweli ipo. Ila kwao ni saa, kwetu ni dakika. London mwezi Juni jua huchomoza kwa mshazari na kupanda polepole. Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hupanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa. Kutoka upeo wa macho hadi nyuzi 6 juu yake, kwetu ni dakika kama 24. London wakati huo wa mwaka ni karibu mara mbili ya hizo. Ukianza kutafuta chaja, umelikosa. Ukisimama na jirani mkaulizana habari za watoto wote hadi wajukuu, umelikosa pia. (Msalimie, usije ukaitwa mwenye kiburi, ila msalimie huku unatembea.)

Wapo wanaosikia hesabu hiyo wakakata tamaa. Mimi naiona ni mali. Katika zile dakika 24 mwanga hubadilika mbele ya macho yako, kutoka waridi hadi dhahabu hadi mweupe, na mti mmoja ukakupa picha tatu zisizofanana bila wewe kusogeza mguu. Tena huyo mpiga picha wa London, akitaka mapambazuko ya Juni, inambidi awe ameamka kabla ya saa kumi na nusu usiku. Desemba anangoja hadi saa mbili asubuhi. Wewe jua lako linachomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Dar es Salaam tofauti ya mapambazuko ya mapema kabisa na ya kuchelewa kabisa haifiki saa moja. Kampala ni kama nusu saa. Yaani umepewa miadi ambayo haibadiliki tangu unazaliwa, na bado unajifunika shuka.

Usiniambie huna programu ya kupima mwanga. Unacho kivuli. Simama juani ukitazame. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua liko chini ya nyuzi 45 na mwanga unaupiga mti kwa ubavu, kwa hiyo toka nje. Kikiwa kifupi kuliko wewe, mwanga unashuka kutoka juu, na kazi yake ni nyingine, nitaifikia. Kwa makadirio, kivuli hukuzidi urefu tangu mapambazuko hadi saa tatu na kitu asubuhi, halafu tena kuanzia saa tisa na nusu hivi hadi machweo. Watu wa pwani wamepima hivi kwa karne nyingi. Wakati wa sala ya Alasiri, kwa madhehebu ya Shafi ambayo Waislamu wengi wa uswahilini wanayafuata, huingia pale kivuli cha kitu kinapofikia urefu wa kitu chenyewe, bila kuhesabu kile kivuli kidogo cha adhuhuri. Basi msikiti wa mtaani kwako unakutangazia mwanga mzuri kila siku, bila malipo na bila MB. Adhana ikimalizika, anayesali aende akasali kisha achukue kamera; asiyesali achukue kamera moja kwa moja. Hata ile ya alfajiri inakufaa, maana hutangulia jua kwa saa moja na ushee. Huo ni muda wa kunawa uso, kunywa chai ya rangi na kufika kwenye mti bila kukimbia.

Jambo la pili ambalo masomo ya wageni hayatakuambia ni kwamba jua letu linahama upande. Ulaya na sehemu kubwa ya Marekani, jua la mchana liko kusini mwaka mzima, basi wao hukariri upande mmoja na kumaliza. Dar es Salaam, tangu Machi hadi Oktoba, jua la saa sita mchana liko kaskazini. Desemba liko kusini. Katika siku za mwanzo za Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba, linapita utosini kabisa, nguzo ya umeme ikasimama bila kivuli. Ukuta wa nyumba yako unaopata jua Julai si ule unaolipata Januari. Mti ni vivyo hivyo.

Ukitaka kuliona hilo kwa ukubwa wake, nenda Moshi. Mlima Kilimanjaro uko kaskazini yako. Desemba jua linachomoza kusini ya mashariki, kwa hiyo uso wa mlima unaoutazama wewe unapigwa na mwanga wa kwanza, na barafu ya Kibo, kwenye mita 5,895 huko, inageuka waridi wakati mjini taa za barabarani bado zinawaka. Juni na Julai jua linachomoza kaskazini ya mashariki. Uso uleule sasa unaparuzwa tu na mwanga, na sehemu kubwa inabaki kivulini. Miezi hiyo mwenye bahati ni mtu wa Loitokitok, upande wa Kenya. Mlima ni uleule na saa ni ileile, ila mwezi umebadilika, nayo picha ikabadilika. Halafu saa tatu asubuhi, mara nyingi hata kabla, mawingu yanaufunika, na mgeni aliyelala hadi muda wa kifungua kinywa anaondoka Moshi akiamini Kilimanjaro ni hadithi ya kwenye noti.

Sasa turudi kwenye mbuyu, maana nilikuacha umesimama pale tangu alfajiri.

Saa kumi na mbili na nusu mwanga unaufikia kutoka ubavuni. Usirudi nyuma kutaka kuuingiza mti mzima kwenye fremu; kila mtu anafanya hivyo, na mtandao umejaa mibuyu mizima iliyosimama kama inapigwa picha ya pasipoti. Sogea. Angalia gome. Kuna mikunjo pale matawi makubwa yanapoanzia. Kuna makovu ya watu waliobandua gome kwa ajili ya kamba, na mti ukajifunika tena kwa ngozi mpya, laini, yenye weusi kidogo. Kwenye mibuyu mingi utakuta vigingi vya mti vilivyopigiliwa kuanzia chini hadi juu, ngazi ya warina asali na wachuma ubuyu. Hapo tulia. Saa hiyo kila kigingi kinatupa kivuli chembamba kinachotambaa juu ya gome, kirefu mara nyingi kuliko kigingi chenyewe, na vyote vinaelekea upande mmoja. Ukipiga hapo, mtu atakayeitazama picha hiyo atajua bila kuambiwa kwamba kuna binadamu alipanda mti huu kwa miguu mitupu. Saa sita mchana vigingi vilevile ni vidoa tu.

Simu itajaribu kukuharibia. Simu inapenda kumpendeza mwenyewe: ikiona kivuli inadhani umekosea, inakiangaza, na asubuhi inafanana na mchana. Usikubali. Gusa kwenye skrini sehemu ya shina yenye jua, shikilia kidole hadi simu ifunge fokasi na mwanga, kisha telezesha kidole kushusha mwanga kidogo hadi gome lirudishe rangi yake. Kivuli kikiwa cheusi, kiache cheusi. Kabla ya yote hayo futa lenzi kwa kanga au fulana safi. Nusu ya zile picha zenye ukungu ambazo watu wanazilaumu kwa ubovu wa simu ni mafuta ya chipsi.

Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi ana kanuni ya zamani ambayo bado inafanya kazi hata betri ya kipima mwanga ikifa: jua likiwa kali na anga safi, weka tundu la lenzi f/16, na kasi ya shata ilingane na namba ya ISO. ISO 100, basi shata iwe karibu na sehemu ya mia moja ya sekunde. Kutoka hapo unaongeza au kupunguza. Kanuni hii ni ya mchana wenye jua kali. Asubuhi na jioni mwanga ni mchache, fungua tundu zaidi.

Pale Mbuyuni muuza vitunguu mmoja aliwahi kunishangaa.

“Kaka, huo mbuyu upo siku zote. Unausubiri nini?”

“Nasubiri jua lizunguke upande wa pili.”

“Basi njoo ukae kwenye benchi. Mbona umesimama kama umefiwa?”

Nikaenda nikakaa, tukapiga soga za bei ya gunia na madalali. Alasiri ilipoingia ni yeye aliyenishtua: “Kaka, kimbia! Umeshika rangi!” Mtu aliyepita chini ya mti ule maisha yake yote alikuwa ameuona mwanga kunishinda mimi. Wenyeji wanajua. Ukifika kijijini usiogope kuuliza mti upi unapendeza saa ngapi. Na uulize pia kama mti huo una tambiko, maana mibuyu mingi ina wenyewe. Omba ruhusa, wape heshima yao, na kaa mbali na madaraja, reli na kambi za jeshi ukiwa na kamera shingoni. Hakuna picha ya mti yenye thamani ya kulala kituoni.

Kuna ushauri mmoja wa wapiga picha wa mtaani ambao nataka uuvunje: jua liwe mgongoni mwako. Kwa picha ya harusi sawa. Kwa majani, geuka ulitazame jua. Jani lililopigwa jua kwa mbele ni kijani tu, lenye mng'ao mweupe juu yake. Jani lililopigwa kwa nyuma linapitisha mwanga na kuwaka lenyewe. Chukua mgomba, mti ambao Bukoba na Kilimanjaro mtu anazaliwa ukiwa nyuma ya jiko. Simama ili jani liwe kati yako na jua la saa moja asubuhi. Utaona mishipa yote imejipanga sambamba kutoka kwenye uti wa jani hadi ukingoni, utaona mahali upepo ulipolichana, utaona hata kivuli cha mdudu aliyetulia upande wa pili. Jua lenyewe lifiche nyuma ya shina au nyuma ya kiganja chako lisiingie kwenye lenzi. Ni hivyo tu. Gharama yake ni umande kwenye suruali.

Na mgunga mweusi mbele ya jua jekundu la magharibi? Piga, nani atakukataza. Lakini picha hiyo imeshapigwa na kila mtalii aliyewahi kushuka kwenye uwanja wa ndege wa Kilimanjaro au Jomo Kenyatta, imechapwa kwenye fulana, vikombe na kadi za posta, na kwa wengine Afrika yote imeishia hapo. Hawajaupiga mwarobaini wa shule yako ya msingi. Hawajaupiga mwembe ambao chini yake wazee wa baraza waliamua kesi ya mipaka. Hawajaujua ule mkungu wa ufukweni ambao majani yake hugeuka mekundu kabla ya kudondoka, wakati vitabu vyao vinasema tropiki hakuna majani mekundu. Hapo ndipo nafasi yako ilipo.

Nimefika saa sita mchana, saa iliyotukanwa kuliko zote. Kila mwalimu atakuambia weka kamera ndani. Sikubaliani, na wala huna haki ya kulala saa hiyo. Kwenye pwani zetu, jua la utosi ndilo linalopenya maji hadi kwenye mchanga na kuitoa ile rangi ya feruzi; nenda Paje saa sita, kisha urudi saa kumi na mbili jioni, utaona bahari imekuwa kijivu. Ndani ya msitu, mathalani kule Amani kwenye milima ya Usambara, mwanga wa asubuhi hauingii kabisa. Ni mchana ndipo miale inapenya na kugusa sakafu. Chini ya mti mkubwa, lala chali, elekeza kamera juu, uyaone matawi yanavyogawana anga. Na kama una miwani ya jua yenye polaraiza, ipitishe mbele ya lenzi ya simu na uizungushe taratibu. Ule mng'ao mweupe juu ya majani utafifia, kijani kitarudi. Anga la buluu nalo hukolea, hasa unapotazama upande ulio pembe mraba na jua. Jua likiwa utosini, upande huo ni upeo wa macho pande zote.

Lakini zawadi kubwa ya saa sita iko ardhini, na watu wanaikanyaga. Simama chini ya mwembe wenye kivuli kizuri. Utaona vidoa vya mwanga vimetapakaa kwenye vumbi, juu ya meza ya bao, juu ya migongo ya wachezaji. Matundu kati ya majani yana kila umbo: pembe tatu, nyufa, vipande visivyo na jina. Vidoa vyenyewe ni vya mviringo. Umewahi kujiuliza kwa nini? Kila tundu dogo kule juu linafanya kazi ya lenzi. Linachukua sura ya jua na kuiangusha chini. Kila kidoa ni picha ya jua. Mwembe umekuwa ukipiga picha tangu hajazaliwa mtu wa kwanza kushika kamera, maelfu kwa siku, na upepo ukivuma zinahama.

Tarehe 1 Septemba 2016, watu walipofurika Rujewa, Mbarali, kutazama jua linavyopatwa, walivaa miwani maalumu wakaangalia juu. Karibu na saa sita mchana mwezi ulilifunika jua katikati, ukabaki ukingo wa moto. Aliyekuwa chini ya mti saa hiyo hakuhitaji miwani: vidoa vyote ardhini vilikuwa vimegeuka hilali, kisha pete. Hiyo ni picha ya mti kwa mwanga wa jua kwa maana kamili kuliko yoyote ninayoijua, na mtu angeweza kuipiga kwa simu ya bei ya chini kabisa dukani.

Hali ya hewa nisiimalize, ila ufahamu hili: anga safi si lazima ndiyo bora. Baada ya mvua ya vuli vumbi limeshuka, milima iliyokuwa haionekani inasogea, na gome lililolowa linakolea rangi. Mwisho wa kiangazi, mashamba yakichomwa, moshi hulifanya jua la jioni liwe jekundu kiasi cha kutazamika kwenye skrini. Mawingu mepesi yanafaa kwa mkrismasi unapochanua Novemba na Desemba, na kwa jakaranda za Nairobi mwezi Oktoba. Kwenye jua kali maua mekundu huungua kwenye picha na kubaki bonge la rangi lisilo na petali. Siku ya mawingu mazito piga ukungu, au kaa nyumbani upange faili zako. Nitakusamehe.

Ansel Adams, Mmarekani ambaye jina lake halikosekani palipotajwa picha za mandhari, alikuwa akiendesha gari kuelekea Santa Fe jioni ya tarehe 1 Novemba 1941. Pembeni mwa barabara akaona kijiji cha Hernandez, misalaba ya makaburini ikimeta kwa mwanga wa mwisho, na mwezi umepanda juu yake. Akasimama ghafla, akafunga kamera kubwa kwenye stendi yake, akatafuta kipima mwanga, hakukiona. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu: alijua mwangaza wa mwezi ni kiasi gani, akapiga hesabu kichwani, akabofya. Alipogeuza filamu apige ya pili, mwanga ulikuwa umeondoka kwenye misalaba. Picha moja tu, nayo ikawa miongoni mwa zinazojulikana zaidi duniani. Watu humsifu kwa bahati. Bahati gani? Mtu yule alikuwa amelisoma jua na mwezi kwa miaka mpaka vikakaa kwenye damu. Mwanga wake wa haraka wa siku ile ndio mwanga wako wa kila jioni, wewe mtu wa ikweta. Unafanya mazoezi gani nao?

Kama kisingizio chako ni kikubwa kuliko simu mbovu, basi mkumbuke Mohamed Amin. Mzaliwa huyo wa Nairobi alifungua Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, na dunia inamjua kwa picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984. Lakini huyohuyo ndiye aliyezunguka Kenya na Tanzania akipiga milima, nyika na mwambao kwa ajili ya vitabu vya picha. Mwaka 1991, Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka na kumpotezea mkono. Akarudi kazini na mkono wa bandia, na aliendelea hadi kifo chake mwaka 1996. Wewe una mikono miwili na jua la bure, halafu unasubiri mpaka mwisho wa mwezi ununue stendi!

Na kusubiri kuna hasara ambayo haifidiwi. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza mibuyu mikongwe zaidi kusini mwa Afrika: kati ya 13 yenye umri mkubwa zaidi, 9 ilikuwa imekufa au sehemu zake kongwe zimeporomoka, ndani ya miaka 12 tu. Walishuku mabadiliko ya tabianchi, bila kuthibitisha. Huku kwetu huhitaji utafiti. Dodoma inajengwa kila siku, barabara zinapanuliwa, viwanja vinapimwa, na mbuyu uliokuwa njia panda unakuwa kumbukumbu ya madereva wa bodaboda. Mwembe wa bibi utakatwa siku ndugu watakapogawana shamba. Siku hiyo mtu mmoja katika ukoo atauliza kama kuna mwenye picha ya ule mti, na kila mmoja atapekua simu yake na kukuta picha za watu walioupa mti mgongo.

Kwa hiyo kazi ya kesho ni hii. Chagua mti mmoja unaoweza kuufikia kwa miguu. Ufuate asubuhi kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, ufuate tena baada ya Alasiri, na siku ya mapumziko uutembelee saa sita. Usihamie mti mwingine hadi ujue upande wake mzuri ni upi masika na upi kiangazi. Picha nzuri ikipatikana, iandike jina la mahali, tarehe na saa, kisha uichape. Zile zinazobaki kwenye simu zinakufa na simu. Nakala moja mpe mwenye mti.

Na kwenye kalenda yako zungushia Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027. Siku hiyo jua litapatwa lote Misri, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia. Kenya, Uganda na kaskazini mwa Tanzania litamegwa sehemu tu, mchana. Usilitazame kwa macho matupu, wala usilielekezee lenzi. Tafuta mapema mwembe wenye majani ya kutosha na matundu madogo, tandika shuka jeupe chini yake, usubiri vidoa vianze kumeguka upande mmoja. Utakuwa na miti ya kuchagua, kwa sababu kufikia hapo utakuwa unaijua yote ya mtaani kwako.